Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kupata Painti Nzuri ya Stauti Kwenye Pabu za Kiayalandi Ughaibuni

Wakuu, meseji zinazoingia kuhusu hili jambo zinafanana mpaka naweza kuzijibu kabla sijazifungua. Mtu kafika London, au Toronto, au yuko Dubai kikazi, kaona pabu ya Kiayalandi imepakwa kijani na ina bango la kinubi nje, kaingia kwa mbwembwe kaagiza Guinness, ile stauti (bia nyeusi) ya Ayalandi, kaletewa kitu cheusi cha baridi kali hakina ladha, au kichachu, kalipa hela ndefu, kisha ananiandikia "hii kitu wanaisifia bure, ya chupa ya nyumbani ni bora". Na wiki inayofuata anarudi palepale kwa sababu ndiyo iliyo karibu na geto lake.

Kinachowaponza wengi ni kuchagua pabu kwa mapambo. Painti (glasi kubwa ya bia, kama nusu lita) inaharibikia kwenye mambo matatu tu: kegi, yaani pipa la bia, inayokaa muda mrefu bila kuisha, mipira michafu ya kupitishia bia, na glasi isiyooshwa sawasawa. Dalili za yote matatu zinaonekana kwa macho kabla hujatoa hata senti, ukijua pa kutazama. Twende.

## Vitu vya kuwa navyo

- Kitambulisho. Marekani na Dubai umri ni miaka 21, Uingereza 18. Ndevu zako hazimshawishi mtu, beba paspoti au kadi ya ukaazi.
- Kadi ya benki na noti ndogondogo. Marekani bakshishi ya dola moja au mbili kwa kinywaji ndiyo utaratibu, na mhudumu wa kaunta anakumbuka sana nani aliacha na nani hakuacha. Uingereza unanunua kaunta unalipa unaondoka, bakshishi sio lazima.
- Simu yenye ramani, kwa ajili ya picha za wateja (nitaeleza).
- Tumbo lenye chakula. Hili halina mjadala.
- Njia ya kurudi ambayo sio gari lako. Nchi za Falme za Kiarabu hazina kiwango cha pombe kinachoruhusiwa ukiendesha, ni sifuri, na ukikamatwa kesi inaweza kuondoka na kibali chako cha kazi.
- Muda. Kama una dakika kumi tu za kusubiri treni kunywa kahawa bwana.

## Hatua ya 1: Toa ya chupa kichwani

Guinness ya chupa tuliyoizoea Tanzania na Kenya ni ya jamii ya Foreign Extra, na hiyo ni bia nyingine kabisa. Ina alkoholi ya juu (ya Ulaya inafika 7.5%), gesi yake ni kabonidayoksaidi inayochoma ulimi, na ina utamu na uchungu wa nguvu kwa pamoja.

Ya bomba ni 4.2% hivi, yaani iko sawa na Tusker na iko chini ya Safari yenye 5.5%. Gesi yake karibu robo tatu ni naitrojeni, na naitrojeni haiyeyuki kirahisi kwenye bia kwa hiyo inatoa vipovu vidogo sana, ndio maana povu lake ni zito na laini na mdomoni haikuchomi. Ukiiona nyepesi usidhani umepigwa, nyepesi ndivyo ilivyo. Unachotafuta ni ulaini, uchungu wa shayiri iliyokaangwa unaokaribia kahawa, na mwisho mkavu unaokufanya utake funda lingine.

Lile swali la nyumbani la "baridi au moto?" huku hulisikii, ila kuna pabu zina mabomba mawili, la kawaida na la Extra Cold. Chukua la kawaida. La kawaida linatakiwa litoe bia ya nyuzi 6 hadi 8, la Extra Cold linashuka mpaka kama 3.5, na ulimi ukishapigwa na baridi hiyo hauonji kitu. Kwa mtu anayejaribu pabu mpya hilo ni tatizo maana baridi inaficha makosa, utamaliza painti nzima ya kegi chovu bila kujua.

## Hatua ya 2: Tafuta watu, achana na mapambo

Hapa ndipo wengi wanapotea kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ile baiskeli ya zamani ukutani, mbao nyeusi, vioo vya rangi, mabango yaliyochakaa, vyote hivyo vinaagizwa. Dublin kuna kampuni inaitwa Irish Pub Company, kazi yao ni kubuni na kutengeneza pabu nzima, wanaipakia kwenye kontena na kuipeleka nchi yoyote unayotaka, na mteja anachagua staili, ya nyumba ya kijijini, ya enzi za Victoria, ya duka la zamani, na kadhalika. Sioni ubaya wowote kwenye biashara hiyo, na baadhi ya pabu hizo zinatoa painti safi sana. Nachosema ni kwamba ukuta hauwezi kukuambia chochote kuhusu mipira ya bia iliyoko chini ya kaunta.

Na usidanganywe na ile habari kwamba "bia inayotumwa nje ni ya daraja la pili". Guinness ya bomba inayouzwa Uingereza inatoka Dublin, kiwanda chao cha Park Royal pale London kilifungwa mwaka 2005. Bia ni ileile. Ila mwaka 2011 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Journal of Food Science, watafiti walizunguka pabu 71 kwenye miji 33 ya nchi 14 wakionja na kutoa maksi, na Ayalandi ilipata wastani wa 74 kwa 100 wakati nje ya Ayalandi ilipata 57. Sasa jiulize, kama bia ni ileile, hizo maksi 17 zinapotelea wapi? Kwa akili yangu zinapotelea kwenye mzunguko na usafi, na nitakupigia hesabu uone.

Kegi ya Guinness ni lita 50, yaani painti 88. Pabu inayouza painti 40 kwa siku inamaliza kegi ndani ya siku mbili na kidogo. Pabu inayouza painti 5 kwa siku inakaa na kegi hiyohiyo siku 17, na muda wote huo bia inalala kwenye mipira kila usiku. Ni kama chapati za mama lishe, unakwenda penye foleni kwa sababu pasipo na foleni chapati imekaa.

Kwa hiyo tafuta pale ambapo Waayalandi wenyewe wanakunywa. London mitaa ya Kilburn na Cricklewood ina historia yao ndefu. New York nenda Woodlawn kule Bronx, au Woodside kule Queens. Ukitaka majina yenye sifa, London kuna The Auld Shillelagh pale Stoke Newington, na Soho kuna The Toucan na The Devonshire iliyofunguliwa 2023, ambayo wikiendi watu wanajaa mpaka barabarani. New York kuna The Dead Rabbit chini kabisa ya Manhattan, ilianzishwa na vijana wa Belfast. Dubai kuna The Irish Village pale Garhoud, iko toka 1996, na uzuri wake ni kwamba watu ni wengi na kegi haipati muda wa kulala.

(Tahadhari ndogo kwa watu wa New York: McSorley's ni pabu ya zamani mno na ni ya Kiayalandi kweli, lakini wanauza bia zao wenyewe tu, nyeupe na nyeusi. Ukienda kuomba Guinness pale utachekwa. Nenda kwa sababu nyingine.)

Uko mji ambao hujui kitu? Fungua ramani, tafuta pabu, ingia kwenye picha zilizowekwa na wateja na upange kwa mpya kwanza. Ruka picha za chakula, ruka picha za mwenye pabu. Tazama painti. Ukiona wateja tofauti siku tofauti wamepiga picha ya painti nyeusi yenye kofia nyeupe iliyonyooka, hapo pana watu wanaojali. Ukiona picha zote ni za vijiti vya kuku na kokteli ya kijani, endelea kuteremka.

Umefaulu kama: una pabu mbili au tatu mkononi na angalau moja ina wateja wanaokunywa stauti siku ya kawaida, sio sikukuu tu.

## Hatua ya 3: Chagua saa

Usiwe mteja wa kwanza mlango unapofunguliwa. Bia iliyolala kwenye mpira usiku kucha inatakiwa imwagwe kabla ya painti ya kwanza kuuzwa, wapo wanaomwaga na wapo wanaokuuzia wewe.

Saa nzuri ni jioni ya mapema, saa kumi na moja mpaka saa moja hivi, watu wameshaanza kunywa lakini kaunta haijaelemewa. Usiku wa mechi mhudumu anamimina kama anazima moto, hata pabu nzuri inakuangusha.

Na tarehe 17 Machi, sikukuu ya Waayalandi ya Saint Patrick's, usiende kutafuta painti nzuri kabisa. Vikombe vya plastiki, vibarua wa siku moja, foleni mpaka mlangoni. Nenda kwa ajili ya muziki ukitaka.

## Hatua ya 4: Simama kwanza, tazama glasi za wengine

Ukiingia usikimbilie kiti. Simama sekunde thelathini karibu na kaunta kama mtu anayemtafuta rafiki yake, tazama mambo mawili.

La kwanza, meza ngapi zina glasi nyeusi? Kama pabu ina watu arobaini na stauti ni mbili tu, zote kwa watalii, umeshapata jibu kuhusu mzunguko. Kama wazee watatu wamekaa kwenye kona kila mmoja na yake na hawaongei sana, hapo kaa.

La pili, na hili ndilo naliamini kuliko yote, ni glasi tupu au iliyofika nusu. Glasi safi ikinywewa inaacha pete za povu ndani, pete moja kwa kila funda, zinashuka mpaka chini kama mtu alichora kwa rula. Unaweza kuhesabu mnywaji alipiga mafunda mangapi. Glasi yenye mafuta au mabaki ya sabuni haiachi pete, povu linateleza lote, au linabaki mabakamabaka. Glasi ya aina hiyo hata ukiimiminia bia ya jana kutoka Dublin povu litakufa ndani ya dakika chache, maana mafuta ndiyo adui mkubwa wa povu.

Pabu nyingi zinaharibia hapa tu. Mashine moja inaosha sahani za chipsi na glasi za bia kwa pamoja, basi.

Umefaulu kama: umeona angalau glasi mbili zenye pete. Hujaziona? Ondoka, hujakaa bado, hudaiwi kitu.

## Hatua ya 5: Kagua bomba na glasi utakayopewa

Hii ni fasta.

- Mdomo wa bomba uwe mkavu na safi. Ukiona utando wa kahawia au vinzi vidogo vinazunguka pale, geuka.
- Glasi itoke rafuni, kavu, ya joto la chumba. Glasi iliyotoka kwenye friza ikiwa na barafu ni kosa, inavuruga povu na inaua ladha. Iliyotoka kwenye mashine bado ya moto ni kosa lilelile kwa upande wa pili.
- Glasi iwe ya painti kweli. Uingereza na Ayalandi painti ni mililita 568. Marekani painti yao ni 473, wapo wanaotoa ile kubwa lakini usiichukulie poa, uliza kabla ya kulipa. Ujerumani na jirani zake mara nyingi ni nusu lita na glasi ina mstari unaoonyesha bia inapotakiwa kufika.

Kama kaunta ina utulivu unaweza kumuuliza mhudumu kwa upole mipira inasafishwa kila baada ya muda gani. Chama cha watengeneza bia cha Marekani kinapendekeza isipite wiki mbili, Uingereza pabu nyingi zinafanya kila wiki. Mhudumu anayejua atakujibu palepale, hata siku atakutajia. Asiyejua atakuangalia tu kama umemuuliza umri wa bibi yake, na hapo nawe umeshajua.

## Hatua ya 6: Agiza kwa akili

Pabu mpya anza na nusu. Nusu ni mililita 284 kwa Uingereza, bei karibu nusu, na kama bia ni mbovu umepoteza kidogo. Kuna vijana wanaona nusu ni aibu, sijui nani aliwaambia.

Nenda kaunta mwenyewe. Pabu nyingi za Uingereza ukikaa mezani ukisubiri mhudumu aje utakaa mpaka funga kazi. Tena foleni haionekani lakini ipo: mhudumu anajua nani kafika kabla ya nani, ukipiga makofi au kuita kwa mluzi umejiweka wa mwisho.

Kama mko kundi, fahamu utaratibu wa raundi. Mmoja ananunulia wote, raundi ijayo mwingine. Ukinywa raundi tatu za wenzako halafu zamu yako ikifika ukakumbuka una kazi asubuhi, wataongea. Kama hutaki kunywa nyingi sema mapema kwamba unajinunulia mwenyewe, hakuna atakayekasirika. Na ukiwa kwenye raundi taja stauti kwanza kabla ya vinywaji vingine, kwa sababu inachukua muda, vingine vitamiminwa wakati yako inatulia.

## Hatua ya 7: Tazama inavyomiminwa

Usigeuke kuongea na simu. Hizi dakika mbili zinakueleza pabu nzima ilivyo.

1. Glasi inainamishwa, nyuzi 45 hivi, chini ya mdomo wa bomba. Bia igonge ukuta wa glasi. Mdomo wa bomba usizame ndani ya bia wala usiguse glasi, ukizama unabeba uchafu wa painti moja kwenda nyingine.
2. Mkono wa bomba unavutwa mpaka mwisho na glasi inanyooshwa taratibu jinsi inavyojaa. Ndani ya mdomo wa bomba kuna kisahani chenye vitundu vidogo sana, bia inapolazimishwa kupita pale naitrojeni inachomoka, ndio maana inatoka na rangi ya kahawia kama vumbi sio nyeusi.
3. Anaacha ikifika robo tatu, anaiweka chini. Hapa ndipo penye utamu wa kutazama, vipovu kwenye ukuta wa glasi vinashuka chini badala ya kupanda. Hujalewa. Katikati ya glasi vinapanda, vikifika juu bia inageukia kwenye kuta na kuvivuta vile vidogo vya pembeni kushuka navyo.
4. Inatulia mpaka iwe nyeusi kabisa chini na mpaka wa povu uwe mstari mmoja. Usiichukue! Kuna watu wanainyakua hapahapa wakidhani wamepunjwa, mhudumu anabaki anawaangalia.
5. Inajaziliziwa kwa kusukuma mkono wa bomba kinyumenyume, kwenda mbali na mhudumu, inatoka polepole bila kuvunja povu, mpaka povu linapanda juu kidogo ya ukingo wa glasi bila kumwagika.

Kampuni yenyewe imetangaza miaka mingi kwamba shughuli nzima ni sekunde 119.5. Usishike saa bwana. Kwenye pabu yenye kazi utaona painti zilizofika robo tatu zimepangwa kaunta kwa foleni zikisubiri kumaliziwa, hiyo ni dalili nzuri kuliko mtu mmoja anayekumiminia kwa maonyesho.

Je anayemimina yote kwa mkupuo? Kuna ubishi mkubwa na sitaumaliza mimi. Ninachokiona ni kwamba mkupuo mmoja ukiachwa utulie unaweza kutoa painti inayonyweka, ila mtu anayefanya hivyo mara nyingi ndiye huyohuyo asiyesafisha mipira. Na lile jani linalochorwa juu ya povu halina uhusiano wowote na ubora, ukipewa sema asante.

## Hatua ya 8: Kagua, kisha piga funda

Kabla hujaigusa tazama povu. Liwe na unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, rangi ya krimu, uso wake laini bila macho. Ukiona vipovu vikubwa kama vya soda, gesi imekosewa au kegi inaishia. Ukiona vipovu vimeng'ang'ania kwenye kuta za ndani ya glasi huku bia imeshatulia, glasi ni chafu. Inua kwenye taa, pembeni utaona wekundu wa rubi, sio weusi wa lami.

Sasa kunywa. Funda la kwanza liwe kubwa na la kupitia chini ya povu, bia ije mdomoni na povu libaki mdomo wa juu. Ukinyonya povu peke yake utapata uchungu tu na ndipo watu wanaposema "chungu hii". Kuna mchezo wa vijana wa siku hizi wa kupiga funda moja mpaka mstari wa bia ukate katikati ya herufi G iliyoko kwenye glasi, ni burudani, lakini usiufanye na tumbo tupu wala usiufanye kila painti.

Kusoma kosa kwa ulimi:

- Uchachu, au harufu ya siki: mipira michafu. Usimalize.
- Ladha ya siagi au bisi za sinema: mara nyingi mipira tena.
- Imelala kabisa, kama maji ya chai ya jana: kegi ya muda mrefu, au gesi haitoshi.
- Inachoma kama soda: kabonidayoksaidi imezidi.
- Harufu ya sabuni: glasi. Hii ndiyo rahisi kurekebisha, omba glasi nyingine.

Umefaulu kama: ukifika nusu ya glasi povu bado lipo, limeshuka na bia, na nyuma yake limeacha pete.

## Hatua ya 9: Ikija mbovu, irudishe

Watu wetu wanaogopa hapa, wananyamaza wanakunywa kwa hasira halafu wanakuja kulalamika kwangu. Kurudisha bia mbovu ni jambo la kawaida kabisa, ila kuna namna yake.

Rudisha mapema, baada ya funda moja au mawili. Ukirudisha glasi imebaki vidole viwili hakuna atakayekuelewa. Usiseme "mbaya", sema unachoonja: ina uchachu, au glasi ina harufu. Sauti ya chini, bila hadhira. Mhudumu mzuri atainusa na kukubadilishia. Kama pungufu ni ujazo tu, Uingereza unaomba uongezewe, na muongozo wa sekta yao unasema bia yenyewe isipungue 95% ya painti.

Akikataa au akakwambia "hii ndivyo ilivyo", usibishane. Agiza kitu cha chupa au toka. Mimi nilishawahi kuambiwa na mwenye pabu moja kwamba uchachu ni "ladha ya asili ya Ayalandi", nikamshukuru nikavaa koti.

## Hatua ya 10: Mji hauna painti ya maana, ufanyeje?

Uliza kama wana stauti nyingine. Murphy's na Beamish za Cork ni laini zaidi na hazina ukavu mwingi, O'Hara's ya Carlow ina mwili na uchungu zaidi. Ila sheria ya mzunguko haibadiliki, stauti nadra kwenye pabu isiyo na wanywaji wake ni hatari kuliko Guinness.

Kama hutumii pombe au unaendesha, kuna Guinness 0.0 ya kopo, na kusema kweli kwenye glasi nzuri inajitahidi.

La sivyo nunua makopo ya Guinness ya Draught uende nayo nyumbani. Hakikisha kopo limeandikwa Draught, maana lenye neno hilo lina kale kampira ka naitrojeni ndani kanakofanya kazi ya bomba. Weka kwenye friji masaa matatu au zaidi, sio friza. Usitikise. Fungua, acha lipige mluzi, kisha mimina lote kwa mkupuo mmoja kwenye glasi iliyoinamishwa, unainyoosha mwishoni. Hapa usigawe mara mbili, gesi ya kopo inatoka yote kwa wakati mmoja. Glasi uioshe kwa maji ya moto na sabuni kidogo, suuza mpaka uchoke, iachwe ikauke yenyewe imepinduliwa kwenye waya, usiifute na kile kitambaa cha jikoni kilichofutia sufuria ya maharage.